Unamwambia Nani?

Mwaka jana nilipeleka sura tatu za maisha yangu kwa mhariri wa kampuni moja ya uchapishaji. Alizifunua mbele yangu, akasoma hapa na pale, kisha akaniuliza swali ambalo nadhani kila kijana aliyewahi kupeleka mswada wa namna hii ameulizwa: "Sasa, wewe ni nani?"

Hakuuliza kwa dharau. Alikuwa mtu mpole, alinikaribisha chai, na jina langu lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye faili alilolishika. Alichotaka kujua ni kama nimewahi kuwa waziri, mwanamuziki, mchezaji wa timu ya taifa, au walau mtu mwenye wafuasi wengi mtandaoni. Nikamjibu kuwa mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nina miaka 26, nimezaliwa na kukulia Tanga. Akafunga faili taratibu. "Andika riwaya kwanza, dada," akasema. "Maisha yako hayakimbii."

Nilitoka pale na hasira, na kwa wiki kadhaa hasira hiyo ndiyo iliyokuwa nadharia yangu yote ya fasihi. Nilimwambia kila aliyekubali kunisikiliza kuwa tawasifu za Kiswahili zimetekwa na wakubwa, kwamba mtu wa kawaida hana ruhusa ya kusema "mimi" mpaka awe amestaafu urais. Kisha likizo ikafika, nikaenda nyumbani, na mama akaniuliza swali jingine.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, Ngamiani, anachambua mchele kwenye ungo. Nilimsomea sura ya pili kwa sauti. Sura hiyo inahusu miezi 18 ambayo marehemu baba hakuwa nyumbani, mimi nikiwa darasa la tano, na jibu tulilofundishwa kuwapa majirani: yuko safarini. Zaidi ya hapo sitasema katika makala haya, kwa sababu hapo ndipo mama aliponiruhusu kufika. Nilisoma mpaka mwisho. Mama hakunyanyua kichwa. Nilipomaliza akapuliza makapi, akauliza: "Hayo unamwambia nani?"

"Wasomaji, mama."

"Wasomaji gani?"

Nikakosa jibu. "Watu tu. Watu wote."

"Watu wote," akarudia, mkono wake ukiendelea na mchele. "Mimi sijawahi kuongea na watu wote. Nikiwa na neno, namwita mtu."

Yanayofuata ni jitihada yangu ya kumjibu mama, na njia niliyoijua ya kutafuta jibu ni ile niliyosomeshwa: kurudi kwenye vitabu.

*

Tasnifu yangu inahusu tawasifu, kwa hiyo nilikuwa na kisingizio kizuri cha kununua. Nilikusanya vitabu 12, vyote vya vijana wasiojulikana, vyote vimechapwa kwa fedha za waandishi wenyewe. Vingine nilivipata kwa wauza vitabu wa barabarani Posta, vingine kwa waandishi waliokuja chuoni navyo kwenye begi, na viwili nilitumiwa kwa WhatsApp, sura baada ya sura, nikilipia kwa simu. Sitavitaja majina. Sikuvikusanya ili kuwacheka wenzangu, na mswada wangu ungeweza kabisa kuwa wa 13.

Vinafanana kama sare za shule. Jaladani kuna picha ya mwandishi amevaa suti, mikono ameikunja kifuani. Ndani kuna dibaji ya mkubwa fulani ambaye ni wazi hakukisoma kitabu. Sura ya kwanza ni kuzaliwa, pamoja na mkoa, wilaya, kata, na nafasi ya mwandishi katika idadi ya watoto. Kisha unakuja umaskini: kandambili zilizotoboka, kibatari, safari ndefu ya kwenda shule. Kisha mapambano, kisha mafanikio, ambayo mara nyingi ni kitabu chenyewe unachokisoma. Mwisho ni ushauri kwa vijana: amka mapema, usikate tamaa, mtangulize Mungu.

Sina shaka umaskini huo ni wa kweli. Hata mimi nimesomea kibatari. Lakini kibatari cha kitabu hiki ni sawasawa na kibatari cha kitabu kile, na jambo hilo haliwezekani. Kila kibatari kilikuwa na mtu aliyekinunulia mafuta, na mtu aliyekizima kwa hasira kwa sababu mafuta yanaisha. Watu hao hawamo. Wamefutwa ili kibatari kiweze kueleweka na kila mtu.

Katika kitabu kimoja, hata hivyo, kuna kurasa mbili nilizozisoma mara tatu. Mwandishi alilelewa na bibi yake. Anasimulia jinsi alivyofeli kidato cha nne, na ghafla, bila kutangaza, anaacha kuzungumza na vijana wenzake na kuanza kuzungumza na bibi, ambaye wakati kitabu kinaandikwa alikuwa ameshafariki. Anamweleza alikoificha karatasi ya matokeo: chini ya gunia la mkaa. Anamuuliza kama alijua, kwa sababu kesho yake alikuta gunia limehamishwa upande wa pili wa jiko, karatasi haipo, na bibi hakusema neno, siku ile wala baadaye. Hakuna ushauri katika kurasa hizo. Hakuna kukata wala kutokata tamaa. Kisha aya mpya inaanza, "Vijana wenzangu", na kitabu kinarudi kuwa sare.

Nilijiuliza kwa nini kurasa zile zimesimama na nyingine zimelala, maana mwandishi ni yuleyule na Kiswahili chake ni kilekile. Jibu nililolipata ni kwamba bibi analijua jiko. Mtu anayelijua jiko hukupunguzia kazi, kwa sababu huna haja ya kumweleza lilivyo. Papo hapo hukubana, kwa sababu huwezi kumdanganya gunia lilikuwa wapi. "Vijana wenzangu" hawana namna ya kukukatalia. Ukiwaambia mlitembea kilomita 10 kwenda shule watakubali, ukiwaambia 15 watakubali pia.

*

Jambo hili fasihi yetu ililijua zamani. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 katika kisiwa cha Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya ya leo. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa mtawala wa Siu, na alikuwa mgonjwa. Utendi unaanza kwa kumwita binti yake asogee karibu, achukue wino na karatasi. Kabla ya wosia wenyewe tunajua nani anasema, nani anaambiwa, na kwamba anayeambiwa ndiye anayeshika kalamu. Katikati ya mafundisho, mama anagusia ndoa yake mwenyewe: jinsi walivyoishi na mumewe kwa amani, na huzuni iliyomfika mume alipofariki.

Wasomaji wa kizazi changu tunagombana na mafundisho yale juu ya utii wa mke, na tunayo haki. Lakini ukigombana nayo unagombana na mtu aliyekaa mahali fulani, anayemtazama mtoto fulani. Na hapo pana funzo la pili ambalo si tamu sana. Mwana Kupona anamsimulia ndoa yake mtoto aliyezaliwa katika ndoa hiyo. Angeweza kweli kumwambia siku mbaya? Anayeambiwa hufungua mdomo wa msimulizi, na hufunga pia.

Anayetaka kuona funzo hilo likifanya kazi ndani ya maisha ya mtu mmoja na amsome Salme binti Said. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani Said bin Sultan. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar kwa siri, akabatizwa Aden kwa jina la Emily, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka 1870 mume alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Mwanzoni kabisa anasema alianza kuziandika kwa ajili ya watoto wake, waliokuwa hawajui mengi juu ya asili yake.

Kwa hiyo kitabu kinaeleza. Kinaeleza jumba la Mtoni, mavazi, sikukuu, malezi ya watoto, namna mabibi wanavyotembeleana usiku. Kinabishana pia na Wajerumani waliodhani wanawajua wanawake wa Mashariki. Lakini safari yenyewe ya kutoroka, tukio ambalo mhariri yeyote wa leo angelitaka liwe sura ya kwanza, inapitwa haraka, na ujauzito alioondoka nao haumo. Huwezi kumlaumu. Mbele yake wamekaa watoto wake, na nyuma ya watoto wamesimama majirani wa Kijerumani wanaochungulia.

Salme alipofariki mwaka 1924 aliacha maandishi mengine, ambayo hayakuchapishwa hadi miaka ya 1990. Hayo aliyaandika kama barua kwa rafiki aliyebaki Zanzibar. Humo sasa Zanzibar haihitaji maelezo, na kinachohitaji maelezo ni Ujerumani: baridi, upweke, ujane, shida ya fedha, dini mpya ambayo moyo haukuizoea. Ni mwanamke yuleyule, lugha ni ileile, na maisha ni yaleyale. Aliyebadilika ni anayeambiwa, na kwa kubadilika kwake tunapata nusu ya maisha ambayo kitabu cha 1886 hakikuwa na mahali pa kuiweka.

*

Mfano mwingine ni mgumu zaidi, nami nilitaka kuuruka. Moja ya tawasifu za kwanza kuchapishwa kwa Kiswahili ni ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Aliiandika kwa hati za Kiarabu baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, ambaye aliigeuza katika hati za Kilatini na kuichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Inaanza msimulizi akiwa na miaka 12, akifanya safari fupi za biashara ya sandarusi, na kuanzia hapo haipumziki: safari, pembe, madeni, vita, majina ya watawala wa bara, bei.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni kavu. Nilipoirudia na swali la mama mkononi nikaona kuwa ni kavu kama daftari la hesabu lilivyo kavu, la mtu anayefunga hesabu zake mbele ya shahidi. Shahidi ni mtu wa serikali mpya za Ulaya, anayetaka kujua njia na nguvu za watawala. Watu waliotekwa wanapita humo kama idadi. Tippu Tip alitembea nao miezi na miezi, na bila shaka aliyaona mengi juu yao. Lakini mbele yake hakuwepo mtu ambaye angemuuliza habari zao, naye hakuwa na sababu ya kujiuliza. Ilibidi tusubiri hadi 1934, James Mbotela, mzao wa watumwa waliokombolewa na kukaa Freretown, Mombasa, alipochapisha Uhuru wa Watumwa, ndipo safari zile zisimuliwe kutoka upande wa waliofungwa minyororo. Na kitabu hicho nacho, kwa kuwa kilipitia mikono ya wachapishaji wa kimisheni, kina shukrani nyingi kwa Waingereza.

Ninachotaka kusema ni kwamba kumchagua wa kumwambia ni jambo zito kuliko ufundi wa kuandika. Ndiko kunakoamua nani ataonekana kuwa mtu katika kitabu chako. Katika vitabu 12 vya vijana niliovikusanya, mama ni yuleyule: anauza maandazi, analia, anaomba, anafurahi mwanawe akifaulu. Hana jina, hana mzaha, hana siku aliyokosea. Hakuna mahali ambapo mwandishi alifikiri kuwa huyo mama naye atakisoma.

Mwenzangu wa Tanga, Shaaban Robert, ndiye ninayemrudia zaidi. Karani wa serikali ya kikoloni, amehamishwa kituo hiki na kile, amefiwa na mkewe Amina, anaandika Maisha Yangu na baadaye Baada ya Miaka Hamsini. Ndani ya Maisha Yangu zimo tenzi mbili ndefu za nasaha kwa wanawe, Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Darasani tumezoea kuzitoa tenzi hizo na kuzijadili peke yake, kana kwamba mwandishi aliacha kusimulia maisha akaenda kidogo kwenye ushairi kisha akarudi. Mimi sasa nazisoma kama anwani juu ya bahasha. Zinatuambia nathari inayozizunguka inaelekezwa wapi. Ndiyo maana kitabu kile kidogo, cha mtu ambaye wakati ule hakuwa waziri wala tajiri, kina uzito.

Kina hasara yake pia. Baba anayewaandikia watoto hawezi kujionyesha akiwa mdogo, mwenye kinyongo au wivu. Hasira ya Shaaban Robert ikifika kwenye karatasi imekwishavaa kanzu. Nampenda, na bado kuna kurasa ambazo natamani angemwandikia karani mwenzake.

Lugha nayo ni njia ya kumchagua mtu. Rais Benjamin Mkapa alipotoa kumbukumbu zake mwaka 2019 alizitoa kwa Kiingereza. Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 2021 alitoa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu kwa Kiswahili. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza wa kila kimoja umeshajua ni meza gani umeandaliwa kiti. Sisi vijana tunaoandika sura moja kwa Kiingereza kwa ajili ya shindano la nje na nyingine kwa Kiswahili kwa ajili ya nyumbani tunafanya uchaguzi uleule, ila mara nyingi hatujui kama tumeufanya.

*

Wapo watakaonipinga. Rafiki yangu mmoja wa darasani, ambaye anaandika vizuri kuliko mimi, anasema mwandishi anayeanza asifikirie yeyote. Aandike yote, aseme yote, kwani mficha uchi hazai. Nimelifikiria sana neno hilo. Ni kweli, mficha uchi hazai. Lakini anayezaa humfunulia mkunga. Hawafunulii abiria wa daladala. Methali yenyewe imeshataja kazi ya kufanywa, na kwa hiyo imeshamtaja mtu anayeijua. Tunapoambiana "sema ukweli wako" bila kusema kwa nani, tunachukua nusu ya methali.

Na sitara, ambayo wengi wa rika langu tunaidharau kama woga wa wazee, si lazima iwe uongo. Mama hakuniambia nisiandike. Alitaka kujua nani amekaa kwenye mkeka.

Msimamizi wangu wa tasnifu, kama yule mhariri, aliniambia niigeuze iwe riwaya. Ni njia ya heshima. Adam Shafi, aliyefungwa baada ya mauaji ya Rais Karume mwaka 1972, aliandika Haini kama riwaya, na kitabu kikatoka mwaka 2003. Miaka kadhaa baadaye, katika Mbali na Nyumbani, alisimulia safari za ujana wake kwa nafsi yake mwenyewe. Mtu mmoja, mambo mawili aliyoyapitia, milango miwili. Nasoma uamuzi huo kama wa mtu aliyejua kuwa jela ile haikuwa yake peke yake, na kwamba safari ilikuwa yake. Lakini yeye alichagua akiwa mwandishi aliyekomaa. Mimi nilikuwa naambiwa riwaya kama mahali pa kujificha, na nilijua kuwa nikibadilisha majina mtaa mzima wa kwetu ungetambua kila mtu ndani ya dakika tano.

Kwa anayeanza, uchapishaji wenyewe siku hizi si mlima. Unaandika kwenye simu au kompyuta, unamtafuta mtu wa kukupangia kurasa na jalada, unaomba namba ya ISBN kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, unakwenda Kariakoo kwa mchapaji ambaye, kwa mashine za siku hizi, anakubali hata nakala 50. Wepesi huo ni neema. Lakini umeondoa kitu ambacho ugumu wa zamani ulikuwa nacho kwa bahati: mtu wa kwanza. Mhariri aliyekurudishia mswada ukiwa na kalamu nyekundu alikuwa, kwa ubaya au uzuri, mtu mmoja aliyekukatalia. Wengi wa wale waandishi 12, naamini, walishika nakala zao zikinukia wino kabla hata mtu mmoja hajawahi kuwauliza, "Hapo unamaanisha nini?"

Kwa hiyo, kama unaanza, sina ushauri wa kukupa juu ya sentensi ya kwanza. Nakuomba tu umtafute mtu mmoja, aliye hai au marehemu, anayelijua jiko. Mwandikie huyo. Wageni watasikia, watu husikiliza vizuri sana mazungumzo yasiyowahusu. Kisha, kama yu hai, msomee kabla hujaomba ISBN.

*

Mimi wangu alikuwa mdogo wangu wa kiume. Yuko kidato cha pili, na alizaliwa baada ya baba kurudi. Habari ya miezi ile 18 hakuwahi kuambiwa, na nilipotafakari nikaona kuwa yeye ndiye angeikuta kwanza kwenye simu, kutoka kwa mtu wa darasa lake. Nikampigia mama. Nikamwambia nimejua namwambia nani. Alinyamaza, mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akasema, "Haya. Lakini umwambie mimi nikiwepo."

Nikaandika upya. Toleo la kwanza lilikuwa na sentensi niliyojivunia: maisha yalikuwa magumu sana, lakini mama hakukata tamaa. Nilipoielekeza kwa mdogo wangu ikaanguka, kwa sababu namjua, angeuliza, "Magumu vipi?" Mahali pake nikaandika habari ya cherehani. Mama aliiuza kwa jirani mwezi wa tatu baada ya baba kuondoka, na mke wa jirani akawa anamruhusu kuja kuitumia usiku, watoto wakilala. Cherehani hiyo ipo mpaka leo kwa jirani. Mdogo wangu ameiona maisha yake yote, na ameshamsikia mama akiisema kwa bahati mbaya "ile yangu". Sikuhitaji kumweleza ni ya rangi gani. Nilichohitaji kumweleza ni kwa nini dada yake alisimama mlangoni, na sare zake za shule, akawaambia watu uongo kwa miezi 18, na kwamba alikuwa hodari sana katika kazi hiyo.

Nilimsomea mwezi wa nne, uani, mama akiwa na ungo wake. Alisikiliza akiwa anachora chora ardhini na kijiti. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali juu ya baba. La kwanza alilouliza lilikuwa: "Kwa hiyo ile cherehani ni yetu?"

"Ilikuwa," mama akasema. Halafu, bila kuulizwa, akataja bei aliyoiuzia, na akasema kuwa jirani alimpa zaidi ya alichoomba na kumtaka asimwambie baba akirudi. Hilo mimi sikulijua. Katika sura yangu jirani yule alikuwa mtu aliyenunua cherehani ya mwanamke mwenye shida.

Sura ya pili imebidi nianze kuiandika kwa mara ya tatu. Mama amekubali itoke, ila anataka kwanza twende wote kwa mke wa jirani, naye asomewe. Kuhusu sura ya tatu bado sijui. Inahusu shule ya bweni, na nadhani kuna mtu inabidi nimtafute kabla sijaendelea.